Baba, katua!

Jumamosi za masika Dar es Salaam hazina pa kwenda. Mvua inanyesha tangu alfajiri, uani kumejaa maji, na wanangu wawili, wa miaka sita na wa minne, wanagombania simu yangu. Mwezi wa nne niliificha, nikakusanya boksi la juisi, ndala iliyokatika, njiti za mishikaki na kipande cha kamba ya katani. Tukaunda lori.

Magurudumu hutoka kwenye ndala: mtoto anachora duara kwa kifuniko cha chupa, mzazi anakata kwa kisu, mtoto anatoboa katikati na kupenyeza njiti. Gundi ni unga wa ngano uliokorogwa na maji, ukapikwa mpaka ukawa mzito. Wiki iliyofuata wakataka mpira. Wa utotoni mwangu ulikuwa matambara ndani ya mfuko wa rambo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, na nashukuru, basi tukatumia soksi iliyopotelewa na mwenzake.

Wengi husifu kazi hizi kwa kuwa zinakomaza vidole vya kushikia penseli. Sibishi. Ila mimi faida kubwa naiona mdomoni. Kwa mtoto wa mjini kila kitu ni "kutengeneza". Mpe kazi ya mikono uone: kukunja na kupinda si kitu kimoja, kamba husokotwa, ukili, ule utepe wa majani, husukwa, mkeka hushonwa kwa ukili. Neno linaingia pamoja na kitendo.

Bibi yao alikuja kutoka Tanga na kicha cha miyaa, majani makavu ya kusukia ukili. Yule mkubwa akasuka miyaa mitatu, kama nywele, ukatoka ukili uliopinda kama mkia wa mbwa. "Fumua, mjukuu wangu. Kaza hapo mwanzo." Akashinda anafumua na kusuka, huku akimsimulia bibi habari za darasani ambazo sisi wazazi hatukuwahi kuzisikia. Sisi huuliza tukiwa tumemkodolea macho.

Nilipokuwa shule ya msingi tuliagizwa fagio na vikapu vya stadi za kazi. Mama zetu walinunua sokoni, walimu wakajua, alama tukapewa vilevile. Leo tunarudia yaleyale nyumbani: mtoto akishika gundi tunamnyang'anya ili kitu kitoke kizuri. Lori letu linakwenda upande kama daladala iliyovunjika springi, na sijaligusa.

Mdogo alikuwa ameshashika kwamba kilichokunjwa hukunjuliwa, kilichofungwa hufunguliwa, kilichobandikwa hubanduliwa. Akikata mlango wa lori, mkasi ukapitiliza, mlango ukadondoka. Akaniletea vipande vyote viwili.

"Baba, katua."

Nikatafuta la kumjibu, sikulipata. Tukarudi kwenye sufuria ya gundi.