Kaseti Hairushwi

Barazani kwetu Mkunazini, Unguja, baada ya sala ya isha, hapazungumzwi mpira mpaka kila mtu aseme kwanza wiki hii anasikiliza nini. Wimbo mmoja haukubaliki. Wimbo mmoja hata daladala inao. Tunataka albamu nzima, na mwenye kuitaja aiweke watu waisikie mwanzo hadi mwisho.

Sheria hiyo kaiweka Maalim, mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu yetu hesabu na nusu iliyobaki adabu. "Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alikwenda Bombay mwaka 1928," husema huku kanyanyua kikombe, "akaimba kwenye santuri ambayo upande mmoja haufiki hata dakika nne. Watu wakinyanyuka kuigeuza. Nyinyi kidole tu kinakushindeni kutulia?" Kisha humalizia: "Kaseti hairushwi." Hata ikiwekwa simu, yeye husema kaseti.

Wiki hiyo kijana wa duka la simu alileta Fusing the Roots ya Siti and the Band, ya mwaka 2018. Maalim akaridhia kwa sababu ndani yake mna kanuni, naye ni mtu wa kanuni zote mbili, ya nyuzi na ya amri. Muuza kahawa alishikilia Bashraf ya chama cha taarab cha Culture Musical Club, ya mwaka 2000, ambayo haina hata neno moja la kuimbwa. Alisema maneno anayapata ya kutosha kwa wateja. Mwengine akaweka Made in Lagos ya Wizkid. Maalim aliisikiliza kafumba macho, tukadhani imemgusa. Alikuwa kalala.

Ikafika zamu yangu na sina kitu. Badala ya kusema sina, ulimi ukateleza: "Mie kesho nakuleteeni kitu hakimo hata kwenye intaneti."

Usiku ule nikalivamia sanduku la mama. Chini kabisa, chini ya kanga za harusi ambazo hatakiwi mtu kuzigusa, nikakuta kaseti imeandikwa kwa mkono wa marehemu baba: "Ikhwani Safaa." Chama kikongwe cha taarab! Moyo ukanidunda. Nilipoigeuza niliona vile vitundu viwili vya juu vimezibwa kwa karatasi iliyotafunwa. Mtu wa rika langu hana udhuru hapa. Kaseti ya dukani huja vijino vimevunjwa ili isirikodiwe juu yake. Ukiona vitundu vimezibwa, ujue kuna mtu aliyetia mambo yake humo. Mie nilidhani ni uchafu, tena nikaupuliza.

Kesho yake nikafika na redio kaseti kubwa ya betri, na hotuba. Nikawaeleza kwamba hiki ni chama cha mwaka 1905, kwamba Culture wenyewe, wa 1958, ni wajukuu mbele yao, na kwamba rekodi kama hii Ulaya wangeitia kwenye kabati la kioo. Muuza kahawa akauliza kama hotuba nayo hairushwi. Nikabonyeza.

Wallahi ilianza vizuri! Fidla zikapanda pamoja, akodiani ikajibu, Maalim akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeonja halua akaikubali. Dakika mbili hivi. Halafu: tk! Jogoo akawika. Sauti ya mwanamke ikasema, "Aloo? Aloo? Inanasa hii? Asalaam alaykum, dada. Sisi hapa Maskati wazima, joto tu."

Mama yangu mdogo! Miaka hiyo simu ilikuwa ghali na barua haibebi sauti, kwa hiyo waliokwenda Omani walikuwa wakizungumza kwenye kaseti na kumpa msafiri. Kumbe hii ilikwenda na muziki, ikarudi na habari.

Nikarusha mkono kuizima. Maalim akanidaka. "Kaseti hairushwi."

"Maalim, hii si albamu."

"Umeileta mwenyewe."

Mama mdogo akaendelea, hana haraka. "Huyo mwanao wa mwisho bado anakojoa kitandani? Lile godoro langu la sufi nililokuachieni, najua keshaliozesha. Usimpige, dada. Mnyime maji baada ya magharibi."

Mwana wa mwisho ni mie. Nina miaka arubaini na tano na wajukuu wawili wa kaka yangu walikuwa wamekaa pale pale. Maalim alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Muuza kahawa, aliyekwisha kunimiminia kikombe, alikichukua akakirudisha kwenye sinia. "Magharibi imepita," akasema.

Niliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka, na sasa nashukuru, kwa sababu ningeikosa sehemu iliyofuata.

"Na yule Maalim jirani, mkumbushe charahani yangu."

Kicheko cha Maalim kilikatika kama uzi.

"Ile Singer ya mkono, yenye alama ya kuungua na pasi kwenye ubao. Nilimwachia aniuzie, mara kaniandikia imeibiwa. Wezi gani hao, dada? Naambiwa kila usiku nyumbani kwake inalia tka-tka-tka."

Hakuna aliyesema kitu. Watu waliangalia miguu yao. Alama ile ya pasi sote tunaijua. Nusu ya suruali zilizokaa barazani usiku ule zilipigwa pindo juu yake.

Maalim akanyoosha mkono taratibu kwenye redio. Muuza kahawa akaushika. "Kanuni ni kanuni, Maalim."

"Tena mkewe," sauti ikasema, "mkeweee alimwambiiia..." ikawa nzito, ikawa ya kiume, ikawa ya ng'ombe, ikanyamaza. Redio imeutafuna utepe.

"Umeme huu," akasema Maalim, akijifuta jasho. Redio ya betri.

Watu wanne waliinamia kaseti kwa penseli ya kuandikia pointi za dhumna, wakiukunjua utepe kwa upole ambao sijawahi kuuona pale hata kwa mgonjwa. Maalim alijitolea kuichukua akaitengeneze nyumbani, eti ana uzoefu. Hakupewa.

Nilimrudishia mama kaseti yake na kusubiri kugombezwa. Akaniuliza tu, "Mlifika upande wa pili?"

"Hatukufika."

"Aa. Wa kwanza ni salamu tu."

Siku ya tatu, baada ya isha, kijana alisukuma rikwama mpaka mlangoni kwetu. Juu yake kuna kitu kimefunikwa kanga. "Maalim anasema hii ni amana," akasema, "na anaiomba ile kaseti."

Mama akaifunua kanga, akapitisha kidole juu ya alama ya pasi, akanipa ishara niingize ndani.

"Msalimie sana," akamwambia kijana. "Mwambie bado tunaisikiliza."