Mhubiri wa mtaani, spika yake, na kesi ya Dibagula

Kinga kubwa aliyonayo mhubiri wa Kikristo anayesimama na spika yake Mbagala Rangi Tatu au Mwenge, Dar es Salaam, haikuletwa na kanisa lolote. Ililetwa na Mwislamu aliyeshtakiwa kwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu.

Hamisi Rajabu Dibagula alitiwa hatiani na mahakama ya wilaya mjini Morogoro chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine. Akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Waislamu wengi waliona mwenzao amefungwa kwa kutamka kitu ambacho kila Mwislamu anakiamini, na mwaka 2001 uchungu huo uliwaingiza barabarani Dar es Salaam. Mahakama Kuu ilimwachia, lakini hatia ikabaki. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ikaifuta na hatia yenyewe. Kiini cha uamuzi ni hiki: kutangaza itikadi ya dini yako, hata kama inagongana moja kwa moja na itikadi ya jirani, peke yake si kosa. Anayeshtaki ana kazi ya kuthibitisha kwamba msemaji alidhamiria kuumiza. Kwamba msikilizaji aliumia, hilo halitoshi.

Nianze na kesi hii kwa sababu mjadala wa wahubiri wa mtaani kwetu huendeshwa kana kwamba ni ugomvi wa kelele tu, au kana kwamba ni Wakristo wanaoonewa na mgambo. Yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini haki ya yule mama mwenye Biblia kituo cha daladala imeshikana na haki ya mhadhiri wa Kiislamu. Ukiikata moja, nyingine haibaki.

Katiba yetu Watanzania ya mwaka 1977 imesema wazi kuliko katiba nyingi. Ibara ya 19 haikuishia kumpa mtu uhuru wa kuamini na kubadili dini. Inataja kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini, na kusema kazi hiyo ni huru na ni hiari ya mtu binafsi. Kueneza maana yake ni kumfuata asiyekuwa wako. Huwezi kueneza injili kwa kuwahubiria waumini wako watupu ndani ya kuta nne Jumapili. Nchini Kenya, Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inalinda haki ya kudhihirisha dini hadharani au faraghani, kwa ibada, matendo na mafundisho. Kwa hiyo anayesema "akahubiri kanisani kwake" anapendekeza kitu ambacho sheria mama za nchi zote mbili hazikukubali.

Hata hivyo, wanaolalamika nao wana hoja, na ningependa Wakristo wenzangu waisikilize mpaka mwisho kabla ya kukimbilia kusema ni vita vya kiroho.

Malalamiko ya kwanza ni sauti. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mgonjwa aliyelala chumba kinachotazamana na uwanja wa mkutano, mwanafunzi anayejiandaa na mtihani, mwenye duka la dawa asiyemsikia mteja wake: hawa wote hawapingi Injili. Wengine ni walokole. Wanachosema ni kwamba mtu hana pa kukimbilia spika inapoelekezwa dirishani kwake saa tatu za usiku, siku saba mfululizo. Uhuru wa dini wa mhubiri hauondoi haki ya mwingine ya kupumzika nyumbani kwake. Tanzania ina kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira. Kenya inazo za mwaka 2009, ambazo kwa eneo la biashara zinaweka ukomo wa desibeli 60 mchana na 35 usiku.

Desibeli 60 ni karibu na sauti ya mazungumzo ya kawaida. Kanuni hiyo ikifuatwa neno kwa neno, katikati ya Nairobi anayenyamazishwa si mhubiri peke yake. Inanyamazishwa pia matatu yenye muziki, muuza dawa ya panya mwenye rekodi inayojirudia kutwa nzima, na gari la kampeni. Hapo ndipo mhubiri anapopata hoja ya kweli: kama kipimo ni sauti, basi tupimwe sote. Mtaa unaovumilia kigodoro, ngoma ya mtaani ya usiku kucha, mpaka alfajiri na baa yenye spika nne nje, kisha ukampeleka polisi mwinjilisti wa saa kumi na mbili jioni, haujali usingizi wa mtu. Na anayeuliza kuhusu adhana, au kuhusu ibada za mkesha, ajibiwe kwa mita ileile. Viongozi wa mitaa hulikwepa jambo hili kwa kuogopa kuonekana wanaipinga dini, na kuogopa huko ndiko kunakozaa upendeleo: anayebanwa ni yule asiye na watu nyuma yake.

Malalamiko ya pili ni ya msikilizaji asiye na njia ya kutoka. Kituoni unaweza kusogea. Ndani ya basi la mkoani, mlango umefungwa na safari ni ya saa kumi, unasogea wapi? Mhubiri anayepanda kabla ya gari kuondoka, akaomba ulinzi wa safari, akatoa neno la dakika tano, abiria wengi wanamwitikia amina, hata wasio Wakristo. Lakini anapobaki ndani akapitisha bahasha ya sadaka huku akidokeza kwamba asiyetoa anajiweka hatarini barabarani, hapo ametoka kwenye mahubiri na kuingia kwenye vitisho. Naona wenye mabasi wana haki kamili ya kuweka utaratibu ndani ya vyombo vyao, na sioni kwamba uhuru wa dini wa mtu yeyote unavunjwa akiambiwa ashuke.

La tatu ndilo gumu, na ndilo watu wengi hulichanganya: matusi. Tutenganishe vitu viwili. Mhubiri akisema hakuna wokovu nje ya Yesu, ametamka itikadi. Mwislamu anaweza kuchukia, Mkatoliki anaweza kukereka akisikia kwamba rozari haimfikishi popote, Msabato na Mlutheri wanaweza kutoleana macho juu ya Jumamosi. Hilo ni bei ya kuishi na watu wanaoamini vitu tofauti. Lakini mhubiri huyohuyo akimnyooshea kidole binti aliyevaa suruali, akamwita kahaba mbele ya umati, akamfuata kwa spika mpaka avuke barabara, hajahubiri dini. Amemdhalilisha mtu mmoja, mwenye jina na uso, aliyekuwa anakwenda kazini. Na wanawake wamekuwa wakibeba mzigo huu kwa muda mrefu, na sisi wa makanisani tumenyamaza kwa sababu anayewatukana ameshika Biblia. Sheria za kawaida za matusi na bughudha zinatosha kumfikisha huyo anapostahili. Hatuhitaji sheria ya dini kwa ajili yake.

Tofauti hiyo, kati ya kupinga mafundisho na kumwandama mtu, ndiyo ingetuokoa miaka ya 1990. Wakati huo wahadhiri wa Kiislamu waliosoma Biblia walikuwa wakijaza viwanja, wakilinganisha aya na aya, wakihoji Utatu na kusulubiwa. Wahubiri wa Kikristo nao wakajibu kwa mikutano yao. Wakristo wengi walihisi wanakashifiwa, wakalalamika, na serikali ikawaandama wahadhiri kwa tuhuma za kukashifu dini. Februari 1998 mvutano huo uliishia kwa polisi kufyatua risasi Mwembechai, Dar es Salaam, na watu wakafa. Jeraha lile halijafunga kwa Waislamu wengi, na sababu mojawapo ni kwamba waliona dola imechukua upande katika hoja ya kiteolojia.

Mkuki kwa nguruwe. Mkristo aliyefurahia mhadhiri kukamatwa mwaka ule hana pa kusimama leo mwinjilisti wake anapozuiwa kuhubiri katika mtaa wenye Waislamu wengi kwa sababu "wakazi wamekwazika". Ni hoja ileile, imebadilisha kofia. Ukikubali kwamba kukwazika kwa umati kunatosha kumnyamazisha msemaji, umempa kila umati rungu: anayetaka mtu anyamazishwe hahitaji sheria tena, anahitaji tu kukasirika vya kutosha.

Waingereza walikutana na fundo hilihili. Mwaka 1997 wanawake watatu walikuwa wakihubiri kwenye ngazi za kanisa kuu la Wakefield, umati ukaanza kuwazomea, na polisi, badala ya kuwatuliza wazomeaji, akawakamata wahubiri. Mmoja wao, Redmond-Bate, alifika Mahakama Kuu ya huko, na mwaka 1999 Jaji Sedley akaamua kwamba polisi alikosea: hakukuwa na sababu ya kuona kwamba hatari ya fujo ilitoka kwa wanawake wale. Akaongeza kwamba uhuru wa kusema yasiyomkera yeyote haufai kitu. Najua mazingira yetu si ya Wakefield. Polisi wetu mara nyingi ni wawili kwenye uwanja wenye watu mia tatu, na mtu akitupa jiwe hawana namna. Afisa anayemwambia mhubiri "mzee, kwa leo funga vitu vyako twende" huenda ameokoa maisha. Siwezi kumlaumu kwa jioni hiyo moja. Ninachokataa ni jioni hiyo moja kugeuzwa kuwa amri ya kudumu, na aliyetupa jiwe akaenda zake nyumbani bila kuulizwa.

Tangu mwaka 2023 hoja ya kuwabana wahubiri imepata nguvu mpya, na ina sababu nzito. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wakifuata mafundisho ya kufunga mpaka kufa ilifukuliwa, watoto wakiwemo. Baada ya hapo, nani atamlaumu Mkenya anayesema kila mhubiri asajiliwe, awe na cheti, aripoti? Rwanda ilikwishaingia njia hiyo: mwaka 2018 ilifunga makanisa zaidi ya 700 mjini Kigali kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele, kisha ikapitisha sheria inayowataka viongozi wa makanisa wawe na elimu ya teolojia ya chuo kikuu.

Naelewa hofu hiyo, na sitaki kuipuuza hata chembe. Ila tuangalie vifo vile vilitokea wapi. Vilitokea msituni, mbali na majirani, ambako watu walikuwa wametengwa na yeyote ambaye angeweza kuwauliza maswali. Mhubiri wa kituo cha basi yuko mahali pa wazi kuliko pote: bodaboda anambishia, mama ntilie anamcheka, mwanafunzi wa chuo anamuuliza aya inayopingana na ile aliyosoma. Mafundisho ya hatari yanahitaji faragha ili yakomae. Kuwafukuza wahubiri barabarani hakutawapa polisi jicho la kuona Shakahola nyingine. Na shahada ya teolojia haimzuii mtu kuwa katili. Ingewazuia tu wavuvi na wauza mkaa walioitwa kama Petro alivyoitwa.

Hilo linanirudisha kwa yule asiye na watu nyuma yake. Mkutano mkubwa wa injili Jangwani au viwanja vya Biafra, wenye jukwaa, jenereta na mhubiri kutoka ng'ambo, hupata kibali, polisi wa kulinda na mgeni rasmi kutoka serikalini. Sauti yake inasikika kata tatu. Mwinjilisti wa peke yake, mwenye spika ya betri na shati moja la Jumapili, ndiye anayenyang'anywa kifaa na mgambo, na kukikomboa ni kwa fedha ambayo mara nyingi haina risiti. Wote wawili wanafanya kazi ileile inayotajwa na Ibara ya 19. Halmashauri ikitaka utaratibu, iuweke hadharani: maeneo, saa za kuanza na kumaliza, kiwango cha sauti, umbali kutoka hospitali na shule. Ukiwa utaratibu wa aina hiyo, unaomfunga askofu, imamu na mwenye baa kwa pamoja, sioni Mkristo mwenye haki ya kuupinga. Lakini kibali kisimuulize mtu atahubiri nini.

Na kifungu cha 129 bado kipo. Dibagula alishinda, lakini ilimbidi apite mahakama tatu, na mhubiri wa kawaida hana wakili hata wa mahakama ya kwanza. Akilala mahabusu siku mbili na kuachiwa bila shtaka, amekwishaadhibiwa, na hakuna jaji atakayelisoma jalada lake. Kinachoweza kufanyika bila kusubiri Bunge ni kidogo na kinawezekana: mkuu wa kituo asipokee lalamiko la kuumizwa hisia za dini mpaka mlalamikaji aandike maneno yenyewe yaliyotamkwa, yalitamkwa kwa nani, na kipi kinaonyesha kwamba msemaji alidhamiria kuumiza. Malalamiko mengi yataishia kaunta, kwa sababu yatakuwa yameandikwa: "Alisema dini yake ndiyo ya kweli."