Nansen si Hansen

Niliandika aya moja tu, kuhusu Nishani ya Nansen, yenye jina la Mnorwei mmoja, aliyotunukiwa Mwalimu Nyerere mwaka 1983 kwa jinsi Tanzania ilivyowapokea wakimbizi. Ilipotoka, ilisomeka “Nishani ya Hansen”. Nikampigia jamaa aliyeihariri.

“Kaka, nilikusahihishia hapo,” akajibu, hana hata chembe ya wasiwasi. “Si unajua kule kwao wote ni akina Hansen?”

Sikuweza kumkasirikia. Kwenye kibodi H na N zimekaa jirani, moja juu ya nyingine, na simu yangu mwenyewe imeshanibadilishia jina hilo mara kadhaa. Halafu kuna ukweli katika kauli yake. Norwei, nchi ya watu milioni tano na ushee, Hansen ndilo jina linaloongoza kwa wingi, watu karibu 50,000. Denmark ndiyo balaa zaidi: watu karibu milioni 6 nchi nzima, na ndani yao Nielsen na Jensen kila mmoja ana watu zaidi ya 200,000. Kati ya mwaka 1993 na 2011 Wadenmark walitawaliwa na mawaziri wakuu watatu mfululizo, na wote watatu ni Rasmussen: Poul Nyrup Rasmussen, akaja Anders Fogh Rasmussen, akaja Lars Løkke Rasmussen. Hawana undugu. Wananchi wakaona isiwe tabu, wakawaita Nyrup, Fogh na Løkke, wakaachana na hilo Rasmussen lisilomtofautisha mtu na mwenzake.

Katikati ya msitu huo wa majina yanayoishia na -sen, Nansen ni adimu. Na kila ninapolitaja mbele ya watu, huwa yupo mmoja wa kusema, “Basi huo lazima ulikuwa ukoo wa kifalme.” Hapo ndipo ninapokataa.

Kiswahili kina neno zuri ambalo siku hizi limebaki kwenye kamusi na midomoni mwa wazee: ubini. Ali bin Salim akizaa Hamad, huyo ni Hamad bin Ali. Salim anakaa pembeni, zamu yake imepita. Skandinavia ya zamani ilikuwa hivyo hivyo. Niels akimzaa Hans, mtoto ni Hans Nielsen. Hans akimzaa Jens, huyo ni Jens Hansen. Jens akipata binti, anaitwa Karen Jensdatter, na hata akiolewa anabaki Karen Jensdatter, kwa sababu kuolewa hakumbadilishii mtu baba. Waswidi wao huandika s mbili, Andersson, moja ya umilikaji na nyingine ya neno lenyewe “son”, yaani mwana. Wadenmark na Wanorwei wengi wameimeza moja njiani.

Iceland mpaka leo hawajaacha. Vigdís Finnbogadóttir, aliyekuwa rais wao kuanzia mwaka 1980 hadi 1996, ni Vigdís binti Finnbogi, na watu humwita Vigdís tu, kwa sababu Finnbogi ni baba yake, yeye si Finnbogi. Kitabu chao cha simu kilipangwa kwa majina ya kwanza. Mwenye kumbukumbu na mpira wa Uingereza atamkumbuka Heiðar Helguson, mshambuliaji wa Watford na Fulham. Helga ni mama yake. Kijana amebeba ubini wa mama na hakuna aliyeshtuka.

Kwingine kote jina liliganda. Wenye vyeo ndio waliotangulia: mwaka 1526 mfalme Frederik wa Kwanza wa Denmark aliwaagiza makabaila wake wawe na majina ya ukoo ya kudumu. Wafanyabiashara wa mijini nao wakaanza kuyagandisha taratibu, bila kuamriwa na mtu, maana mwenye mali na mikataba anataka jina lisiloondoka naye akifa. Watu wa mashambani walisubiri kushurutishwa. Katika utawala wa Schleswig, mpakani na Ujerumani, amri ilitoka mwaka 1771. Denmark yenyewe ni 1828, Uswidi 1901, Norwei 1923. Wanorwei wengi waliamua kuchukua jina la shamba walilokuwa wakiishi, na ndiyo maana mashabiki wa Arsenal wanamshangilia mtu anayeitwa “shamba lililohamwa”, Ødegaard, na wale wa Manchester City wanaye Haaland, ambalo nalo ni jina la shamba.

Sasa ona jinsi bahati inavyofanya kazi. Ubini uliokuwa ukitembea kizazi baada ya kizazi ulizimika kama gari bovu, na pale ulipozimikia ndipo ukoo ulipolala. Baba aliyekuwa zamu siku hiyo ndiye aliyeingia kwenye daftari la kanisa moja kwa moja. Na akina baba wengi walikuwa na majina yale yale ya watakatifu. Hans ni Yohana aliyefupishwa. Jens ni Yohana huyo huyo. Johan naye ni yeye. Kwa hiyo Hansen, Jensen na Johansen, yale majina yanayogombea nafasi za juu, yote matatu yana maana moja, mwana wa Yohana, na maelfu ya Yohana hao hawakuwahi hata kuonana. Ukimkuta Hansen wa Bergen na Hansen wa Oslo, undugu wao ni kama wa Juma wa Tanga na Juma wa Kigoma.

Nansen imetoka mlango mwingine. Nanne ni jina la kiume la Wafrisia, watu wa pwani ya Bahari ya Kaskazini, kule Denmark na Ujerumani zinapokutana. Halikuwa jina la mtume wala la mtakatifu mkubwa, halikusambazwa na kanisa kutoka parokia hadi parokia. Akina baba walioitwa Nanne walikuwa wachache, na zaidi wa sehemu moja, kwa hiyo siku majina yalipoganda, walioangukia Nansen wakawa wachache. Uadimu wote ndio huo. Hakuna damu ya buluu hapo, kuna baba mwenye jina la kwao.

Mtu wa kwanza mashuhuri wa jina hili ni Hans Nansen, aliyezaliwa Flensburg, huko huko Schleswig, mwaka 1598. Alikuwa bado kijana mdogo aliposafiri na jamaa yake mmoja kwenda Bahari Nyeupe, kaskazini mwa Urusi, akajifunza Kirusi, akafanya biashara ya Iceland kwa miaka mingi, akaandika kitabu cha jiografia kilichotoka mwaka 1633, akamaliza akiwa meya wa Copenhagen. Waswidi walipouzingira mji huo, kuanzia mwaka 1658, yeye ndiye aliyesimama mbele ya wenyeji. Lakini kinachonivutia mimi ni baba yake. Baba yake aliitwa Evert. Evert Nansen.

Tazama vizuri hapo. Kwa desturi ya ubini, mtoto wa Evert ni Hans Evertsen. Hakuitwa hivyo, maana yake kwa familia hii ya wafanyabiashara jina lilikuwa limeshaganda, miaka zaidi ya 150 kabla ya ile amri ya 1771. Na kama lisingeganda, watoto wa Hans Nansen wangeitwa nani? Hansen! Yule mhariri wangu angekuwa sahihi kabisa, na hili jina adimu lingezama kwenye lile bahari la akina Hansen lisionekane tena. Limeponea kwenye tundu la sindano.

Aliyelipa gharama ni Evert. Alimzaa meya, akamlea hadi akawa na umri wa kupanda meli, na jina lake halikubaki kwa mtoto hata herufi. Kuna Nanne fulani ambaye hakuna anayemjua anaitwa kila siku duniani kote, na Evert ameachwa kwenye mstari mmoja wa wasifu wa mwanawe. Ndiyo maana mimi sishangilii sana majina ya ukoo. Watu husema yanawaenzi mababu, kumbe yanamwenzi babu mmoja na kuwafuta wote waliomfuata.

Ukoo ulikaa Copenhagen, kisha katikati ya karne ya 18 tawi moja likahamia Norwei, na huko ndiko alikozaliwa, mwaka 1861, Fridtjof Nansen. Huyu ndiye aliyeivuka Greenland kwa ski mwaka 1888, akaiachia meli yake Fram igandishwe na barafu makusudi ili ibebwe na mkondo kuelekea Ncha ya Kaskazini. Uzeeni akawa kamishna wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa. Urusi mpya ilikuwa imewavua uraia mamia ya maelfu ya watu waliokimbilia nje, na mtu asiye na hati hakubaliwi kupanga chumba, sembuse kuvuka mpaka. Mwaka 1922 ikabuniwa hati ya kusafiria kwa ajili yao, na ikaitwa pasi ya Nansen. Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Pasi hiyo mtunzi wa muziki Stravinsky aliishika, mchoraji Chagall aliishika. Watu wasio na nchi walitembea na ubini wa mtu mwingine mfukoni, na ukawafungulia mlango.

Na tusidhani umaarufu unaongeza idadi. Fridtjof alizaa watoto watano. Liv akaolewa akawa Høyer. Irmelin akaolewa na mchoraji Axel Revold. Åsmund akafariki akiwa mtoto. Hesabu mwenyewe wamebaki wangapi wa kulipeleka jina mbele. Siku hizi sheria za huko huyalinda majina ya namna hii: Norwei, jina lenye watu 200 au pungufu huwezi kujipachika bila ridhaa ya wenyewe, na Denmark kiwango ni 2,000. Nakubali kwamba mtu asiibiwe jina. Ila nacheka kidogo, kwa sababu zamani kulipata hakukuhitaji ridhaa ya mtu yeyote, ilitosha baba yako awe anaitwa Nanne.

Turudi kwa Mwalimu. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilianzisha nishani ile mwaka 1954. Nyerere ndiye aliyeipata mwaka 1983. Baadaye wakaipata Maggy Barankitse wa Burundi, 2005, na Sista Angélique Namaika wa Kongo, 2013. Tunamjua kama Nyerere kana kwamba ni jina la ukoo toka enzi na enzi. Siyo. Nyerere ni baba yake: Chifu Nyerere Burito, yaani Nyerere wa Burito. Kwa Kizanaki nyerere ni kiwavi, na mzee alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa wakati wa baa la viwavi. Mwanawe ni Kambarage, Kambarage wa Nyerere. Kwa ubini wa kawaida, Makongoro, mtoto wa Mwalimu, angekuwa Makongoro Kambarage, kama wewe na mimi. Lakini jina liliganda kwa yule mzee wa Butiama, na watoto wa Mwalimu wakawa akina Nyerere. Kambarage lenyewe, jina hasa la mtu tunayemwita Baba wa Taifa, ukilitaja leo vijana wengi wanafikiria kwanza uwanja wa mpira Shinyanga.

Kwa hiyo siku ile Nyerere alipopewa Nansen, yalikutana majina mawili ya akina baba yaliyozimikia njiani, moja la Mfrisia na moja la kiwavi. Hili sikumweleza mhariri. Nilimwambia tu arudishe ile N.

Yote haya yasingenishughulisha kama sikuwa na yangu nyumbani. Mimi, kama Watanzania wengi, nina majina matatu: langu, la baba, la babu. Mwanangu naye ana lake, langu na la baba yangu. Mwaka jana tulisafiri wawili, na kwenye dawati la uhamiaji la nchi ya watu ofisa alizishika pasi zetu, moja mkono huu na nyingine mkono huu, akatazama mwisho wa jina langu na mwisho wa jina la mtoto. Hayafanani. “Huyu ni nani wako?” Mtoto wa miaka sita, ananing'inia kwenye suruali yangu, ana masikio yangu yale yale. Tulikaa pembeni dakika arobaini, tukionyesha picha za kwenye simu.

Tuliporudi mke wangu akasema yatosha, tugandishe. Hoja yake ni nzuri: tuchukue jina la babu yangu, ambalo mimi tayari limo kwenye pasi yangu, mtoto naye alipate, tusisumbuliwe tena. Fomu ameshaijaza yote kwa kalamu ya bluu, imebaki ile nafasi ya jina la ukoo. Majina ya mtoto yatakuwa lake, langu, na la babu yangu. Nikaona ni adabu kumjulisha mzee, baba yangu, kwanza. Nikampigia, nikamweleza kuanzia dawati la uhamiaji mpaka fomu. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

“Sawa, baba,” akasema. “Sasa mimi mmeniweka wapi?”

Fomu bado ipo juu ya friji.