Eti nimepika jeli ndani ya mashine

Kwa kuwa rafiki yangu ameshasambaza ya kwake, eti nimemmwagia Dokta wetu wa maabara uji usoni, pokeeni na hii yenye kemia.

Mwani ulikuwa wa aina ya kotonii, wa Pemba. Ute wake, kapa-karajinani, tulitaka kujua minyororo ya molekuli zake ni mikubwa kiasi gani, maana kwa chakula Ulaya hawataki iliyokatikakatika: sehemu iliyo chini ya kilodaltoni 50 (kipimo cha uzito wa molekuli) isizidi asilimia 5. Mashine inazipanga kwa ukubwa: pampu inasukuma kimiminika kupitia kolamu, yaani bomba lililojaa chembe zenye vitundu. Molekuli kubwa hazipenyi humo, zinapita nje na kutoka mapema. Ndogo zinaingia zikazurura, zikachelewa. Asubuhi nilishapitisha pululani, minyororo ya sukari ya ukubwa unaojulikana, mstari wa kulinganishia ukanyooka, kichwa kikanivimba.

Nikayeyusha miligramu 3 kwa kila mililita, joto 80°C, kwa kimiminika kilekile cha kwenye pampu, nikachuja kingali moto kwa kichujio cha mikroni 0.45. Chupa ya kimiminika iliandikwa "nitrati 0.1 M". Nitrati ya nini? Haikusema. (Wanakemia mmeshaanza kucheka. Subirini wenzenu!)

Hapo wakaingia wageni, akina mama wanaolima mwani. Salamu za pwani mnazijua: hali yako, za nyumbani, watoto je, mama hajambo? Sampuli inapoa mezani.

Navuta kwa sirinji: nzito. Nasukuma mikrolita 100 kwenye vali ya kuingizia sampuli: inagoma. Natabasamu, nakandamiza kwa dole gumba, nazungusha vali kwa madaha. Presha baa 22. Bado 22. Halafu 27.

"Namba hiyo ni ya nini, mwanangu?"

"Kawaida tu, mama."

35.

"Na hiyo?"

"Kawaida, mama."

48. Pampu inabadili sauti. Mkono wangu unakwenda kwenye kitufe cha kuzima, lakini taratibu, nisionekane naogopa. 61. Ile kokwa ya plastiki tunayoikaza kwa vidole, inayoshika bomba mbele ya kolamu kinga (ndogo, ya kuilinda ile kubwa), ikachomoka. Fyuu! Uzi mwembamba wa maji ukaruka juu ya mabega ya wageni wote na kutua kwenye miwani ya Dokta. Kioo cha kulia.

Hakuna aliyepumua. Mama akainama, akachungulia ncha ya bomba palipochomoza kipande cha ute.

"Si mwani wangu huu umeganda?"

Ndiyo, mama. Nitrati ilikuwa ya potasiamu. Kapa ikipoa penye potasiamu, minyororo inajisokota, kisha misokoto inashikana mafungu mafungu, inakuwa jeli hata ikiwa kidogo. Kolamu nayo ilikuwa 40°C, baridi mno kuiyeyusha. Kwa sodiamu ya kiasi hicho ingebaki majimaji, hata salamu zingefika adhuhuri.

Dokta alikimbizwa sinki, maana kimiminika kina azidi, sumu ya kuua vijidudu; macho salama. Kigunduzi, kinachopima kinachotoka kwenye kolamu, tulikichomoa, kolamu kinga tukaigeuza na kuipitishia maji matupu ya 70°C, mililita 0.2 kwa dakika. Wapi! Jaani. Kolamu kubwa imepona. Tukarudia kwa nitrati ya sodiamu, joto 60°C: kilele kimoja kisafi kwenye grafu, kilodaltoni 500 hivi.

Nimempigia yule mama kumpa habari njema. Kasema hongera, sasa kilo itanunuliwa shilingi ngapi?