Uhamisho wa ndani: tatizo ni saini ya bosi

Waajiri wakubwa hupenda kuwaambia wafanyakazi wapya kwamba hapa unaweza kufika mbali bila kubadili mwajiri: ukichoka na uhasibu utahamia manunuzi, ukichoka na makao makuu kuna matawi. Kisha mtu anaomba nafasi iliyotangazwa ndani na kukuta fomu inadai saini ya mkuu wake wa sasa, tena kabla hata hajaitwa kwenye usaili. Katika kanuni zote za uhamisho, hii ndiyo ninayoiona ya uonevu zaidi.

Mchapakazi ndiye asiyeachiwa, maana kitengo kinamtegemea. Mzembe husainiwa siku hiyohiyo, pengine na barua ya sifa juu. Aliyekataliwa hubaki chini ya mkuu ambaye sasa anajua kwamba alitaka kuondoka, na tathmini yake ya mwaka itaandikwa na mkono uleule ulioikataa fomu. Wenzake wakishayaona hayo, hawaombi kabisa. Kwenye ripoti za idara ya rasilimali watu, ukimya huo husomeka kama utulivu.

Hata hivyo, mkuu wa kitengo si lazima awe mkorofi. Akimwachia mtu leo, huenda nafasi ikakaa wazi kwa miezi ikisubiri kibali cha kuajiri, na malengo ya robo mwaka hayapunguzwi hata chembe. Amemfundisha mtu kazi kwa muda mrefu, matunda yanaliwa na kitengo cha jirani. Katika hali hiyo ningeng'ang'ania watu na mimi pia. Mwajiri ndiye aliyeacha gharama yote ya uhamisho imwangukie mkuu mmoja, kisha akamkabidhi kalamu ya kuikwepa.

Kanuni ya muda wa kukaa, mathalani miezi 12 au 18 kabla ya kuruhusiwa kuomba, sina ugomvi nayo. Inauma, lakini ni kipimo kimoja kwa wote na tarehe yake inajulikana.

Mshahara una mjadala mgumu zaidi. Kuna waajiri wanaoweka ukomo wa nyongeza kwa anayehama ndani, ilhali anayetoka nje hujadiliana bila kufungwa mikono. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga; huku anayetunzwa ni mgeni. Mwaka 2011 Matthew Bidwell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichapisha utafiti kuhusu kitengo cha Marekani cha benki ya uwekezaji cha kampuni moja ya huduma za fedha. Walioajiriwa kutoka nje walilipwa takriban asilimia 18 zaidi ya waliopandishwa kutoka ndani kwenye kazi zinazofanana, lakini kwa miaka 2 ya kwanza tathmini zao zilikuwa za chini. Ni kweli pia kwamba wageni hao walikuwa na elimu na uzoefu zaidi kwenye karatasi, kwa hiyo bei yao haikutoka hewani. Na bila ukomo wowote, vitengo vya mwajiri mmoja vingenyang'anyana watu kwa kupandishiana dau. Ukomo una hoja, basi. Ila usishuke chini ya kima cha kuanzia cha kazi anayohamia mtu.

Kuhusu saini, ningeifuta na kuweka tarehe. Mtu akichaguliwa, mkuu wake apewe wiki 6 au 8 za makabidhiano, na kibali cha kujaza pengo kitoke siku hiyohiyo bila kuombwa upya.

Pingamizi zito ninaloliona ni la vitengo visivyopendwa: zamu za usiku, dawati la malalamiko. Ukifungua mlango vitabaki vitupu, na kazi lazima ifanyike. Lakini huko kinachohitajika ni posho, au zamu ya miaka 2 kwa kupokezana, huku tarehe ya kutoka ikiandikwa kwenye barua ya kupangiwa kazi na kubaki ileile hata mkuu akibadilishwa.