Sikisi Ndani ya Hotpoti

Mjomba wangu ni mtu wa kriketi, wale wachache waliobaki Nairobi. Ukimpigia simu kumjulia hali anakwambia goti linauma, halafu hapo hapo anaingia 2003, vile Collins Obuya aliwamaliza Sri Lanka pale Gymkhana, wiketi tano kwa rani 24, yaani alitoa wapigaji watano na kwake wakapata alama 24 tu, na vile tulifika semi fainali ya Kombe la Dunia Tikolo akiwa kapteni. Ukimkumbusha New Zealand walikataa kuja Nairobi tukapewa pointi za bure, anakata simu.

Sasa juzi akaniambia kuna gemu, twende, kiingilio bure. Bure gani! Na hilo goti hapandi matatu, kwa hivyo teksi ni mimi, maji ni mimi, kofia ya jua aliyosahau nyumbani ni mimi, na soda ya hiyo klabu usiniulize bei. Mashemeji dabi, ile mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, ningelipa kiingilio na bado nirudi na chenji.

Chakula mjomba alikuwa amejipanga. Alibeba hotpoti ya kuku kienyeji na chapo, na vile getini wameandika marufuku chakula cha nje, akaivalisha sweta akaikumbatia kifuani. Askari akauliza, "Mtoto ana miezi mingapi?" Mjomba akamjibu, "Amelala, usimuamshe." Tukapita.

Ndani wachezaji walikuwa wengi kuliko mashabiki. Tangu tupoteze hadhi ya zile mechi za kimataifa za siku moja 2014 watu walihamia kwa mpira wa miguu na hawajarudi, hapo tulikuwa sisi, jamaa wawili watatu wa wachezaji, na mzee mmoja aliyelala na gazeti usoni. Viti tupu kila mahali lakini mjomba akataka tukae chini kwa nyasi, karibu kabisa na kamba ya mpaka wa uwanja, eti hapo ndio unasikia gemu.

Kama saa saba akafungua hotpoti. Harufu ikatoka, na kijana aliyewekwa kulinda upande wetu akaanza kuangalia nyuma badala ya mbele. Mjomba ameshika firigisi ananieleza vile Aasif Karim aliwasumbua Australia, wiketi tatu kwa rani saba, mimi nasikia tu "ko!" halafu watu wanapiga kelele "sikisi!", mpigaji ameupiga mpira ukavuka kamba bila kugusa chini, rani sita. Uwanja wote ule, nyasi zote zile, mpira ukaona uingie kwa hotpoti. Mchuzi shati yote, chapo moja ikamfikia mzee wa gazeti, akaamka akapiga makofi.

Yule kijana akaja mbio, akatumbukiza mkono, "samahani mzee," akautoa unachuruzika akamrushia bola, yule anayemtupia mpigaji mpira. Bola akaudaka, akanusa vidole, akaita ampaya, refa wa kriketi. Ampaya akaupangusa kwa taulo, akanusa, akamwita mwenzake naye anuse. Gemu imesimama sababu ya mafuta ya kuku! Ikabidi waletewe mpira mwingine.

Huku nyuma askari wa geti ameshafika. "Mzee, mtoto yuko wapi?"

Mjomba hata hakugeuka.

Mpira uliofuata tu yule mpigaji akatolewa, akaja kwetu moja kwa moja na pedi zake miguuni, pole nyingi lakini macho kwa hotpoti.

"Umemaliza na rani ngapi?" mjomba akamuuliza.

"Kumi na moja, mzee."

Mjomba akakorogakoroga mchuzi, akatafuta, akampa shingo.