Walikataa hela yangu mpaka nikapime gari

Jumamosi iliyopita nilikataliwa kuuziwa springi. Hela ipo mkononi, springi naziona kwenye rafu nyuma ya kaunta, na kijana wa duka hapa Perth, Australia, ananiambia hawezi kuniuzia mpaka nimjibu swali moja: gari langu likishapakia kila kitu lina kilo ngapi? Nikamwambia ni Prado 150 ya dizeli. Akasema hilo analiona, anachouliza ni kilo. Sikuwa na jibu. Akaniandikia mahali penye mizani ya umma, akaniambia nijaze tangi, nipakie hema, friji, maji, mke na watoto, nikapime, ndipo nirudi.

Nilitoka pale nimechukia. Kwetu Tanzania mizani ni mambo ya malori. Ukitaja mizani mtu anawaza Vigwaza, foleni ndefu na madereva wamejilaza chini ya tela. Sasa mimi na familia yangu tumepanga foleni nyuma ya lori la kokoto, mtoto wa mwisho ananiuliza tumefanya kosa gani. Lakini nilipopewa ile karatasi nikaikodolea macho. Mbele kilo 1,290. Nyuma kilo 1,580. Jumla 2,870, na kikomo cha gari langu ni 2,990. Nimeendesha magari ya aina hii miaka kumi na tano, nyumbani na huku, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kujua uzito wa gari ninalolala nalo porini.

Na mimi nilikuwa nataka kuongeza ngao ya chuma ya kilo 60, ile inayofungwa mbele ya gari kukinga kigongo, pamoja na winchi, mashine ya kujivuta ukikwama.

Yule kijana alipoiona karatasi alianza kupiga hesabu mbele yangu. Ngao haikai juu ya magurudumu, inaning'inia mbele yake, kwa hiyo inafanya kazi kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya mbao ya bembea. Prado ina milimita 2,790 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ukiweka kilo 60 sentimita 80 mbele ya ekseli, ekseli ya mbele haibebi 60, inabeba kama 77, na ya nyuma inapunguziwa 17. Hapo winchi bado. Nikaiacha winchi palepale. Akanitolea springi za mbele zilizopimwa kwa uzito huo, na za nyuma za gari lenye mzigo wa kudumu. Zote za bei ya chini. Hakunisukumia hata mara moja zile za jina kubwa zilizokuwa kwenye kabati la kioo.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Nyumbani nimenunua springi na shokapu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikumbuki hata siku moja kuulizwa kilo. Naulizwa, "Unataka OG (orijino) au ya kawaida?" Naulizwa bajeti. Shokapu ya mtumba inapanguswa kwa kitambaa chenye grisi, inasimamishwa juu ya meza, muuzaji anaukandamiza ule mti wake mpaka chini, unapanda wenyewe taratibu, naye anakutazama usoni: "Unaona, kaka? Ina gesi hii." Kweli ina gesi. Lakini gesi kuwepo hakukuambii kama vali za ndani zinashika. Shokapu kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kurukaruka, na inafanya hivyo kwa kupitisha mafuta kwenye vitundu vidogo. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, mafuta yale yanachemka, yanachanganyika na gesi, yanageuka povu, na povu halizuii kitu. Nusu saa baadaye gari linaelea, usukani mwepesi, nyuma inatafuta njia yake yenyewe. Dereva anasema tairi hazina upepo. Ndiyo maana ukiwa na hela ya kitu kimoja tu kizuri, iweke kwenye shokapu nene yenye mafuta mengi. Urefu wa gari uache.

Najua mnachosema sasa hivi. "Kakaa huko miaka sita, keshakuwa mzungu, anatufundisha springi." Ndugu zangu, sikuanza kupenda magari Australia. Nilizaliwa Iringa, nimejifunza kuendesha kwenye Hilux isiyo na breki za mkono, nimesukuma magari masika kwenye tope jekundu mpaka viatu vikabaki humo. Na fundi bora niliyewahi kumwona hadi leo yuko Iringa, si Perth. Yule mzee alikuwa anabonyeza boneti kwa viganja viwili, anaachia, anahesabu gari linapanda mara ngapi, halafu anakwambia shokapu ya kulia imekufa na bushi ya chini, ule mpira wa kwenye maungio, imeliwa. Anaifungua, anaitoa bushi peke yake, anapachika mpya, unaondoka. Huku bushi ikiisha mara nyingi wanakubadilishia mkono mzima unaoshika gurudumu, kwa sababu saa moja ya fundi ni dola 160 na hakuna anayetaka kukaa anagonga bushi. Nilipowaeleza kwamba kwetu bushi inabadilishwa peke yake walinitazama kama nasimulia hadithi. Kwa hilo natembea kifua mbele.

Kwa hiyo msiniambie nadharau mafundi wetu. Ninachosema ni kwamba fundi mwenye mikono ile ananyimwa namba. Anauziwa springi isiyoandikwa inabeba nini, shokapu isiyojulikana ilitoka gari gani, na mteja anayemwambia "ninyanyulie tu ipande juu." Naye anatii. Anaweka vipande vya mpira katikati ya springi, au anaongeza pleti ya lori nyuma, gari linapanda, mteja anafurahi. Kisha shafti za mbele zinakaa upande, mpira wa jointi unapasuka, taa zinamulika vilele vya miti. Huku katika majimbo mengi ukipandisha zaidi ya milimita 50 unahitaji kibali cha mhandisi. Nilidhani ni urasimu mpaka nilipoelewa kwamba hapo ndipo jiometri ya gari inapoanza kuharibika.

Tuje kwenye ngao, maana hapa nina kidonda.

Mjomba wangu alitengenezewa ngao ya bomba nene, imechomelewa vizuri, imepakwa rangi nyeusi inang'aa. Tuliipenda sote. Usiku mmoja karibu na Gairo ng'ombe akaingia barabarani. Ngao haikuvunjika hata kidogo. Ilirudi nyuma nzima nzima, kwa sababu ilikuwa imefungwa kwenye vibati vya bampa na si kwenye chesi, yaani fremu ya gari. Ikaipiga rejeta, rejeta ikaipiga feni, maji ya moto yakaruka mpaka kwenye kioo. Tulilala pale. Mjomba alikuwa anapapasa lile bomba kwa mkono akisema, "Mbona lenyewe zima?" Na kweli lilikuwa zima. Nilibaki na swali lake miaka mingi.

Jibu nililipata huku, nimelala chini ya gari langu nikimwangalia fundi anafunga ngao ya bei ndogo kuliko zote dukani. Inakaa juu ya mabano mawili yanayoshika chesi kwa bolti nene, na kwenye kila bano kuna sehemu iliyoachwa dhaifu makusudi, ijikunje kwanza. Vihisi vya mifuko ya hewa vimepangwa kulingana na jinsi mbele ya gari inavyobonyea. Ukifunga bomba gumu lisilobonyea, mfuko unaweza kufumuka kwa kigongo kidogo, au ukachelewa siku unayouhitaji. Kuna kiwango cha Australia kinachohusu ngao, AS 4876.1 cha mwaka 2002, na sehemu kubwa yake haimzungumzii mwenye gari. Inamzungumzia mtu wa nje: ncha kali zisitokeze, umbo lifuate bampa, isiegemee mbele. Hebu fikiria hilo kwa miji yetu, bodaboda na wamachinga pembezoni mwa kila barabara, halafu zikumbuke zile ngao zenye pembe.

Mtaniambia, "Huko mna kangaruu, lazima mjali." Kangaruu wapo, hasa jioni na alfajiri, nami sitembei nje ya mji saa hizo nikiweza. Ila kwetu tuna ng'ombe, punda, na barabara kuu inayokata hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, tembo na nyati wakivuka. Anayehitaji ngao ya kweli na shokapu ya kweli ni nani? Mtaani kwangu Perth kuna magari yana ngao, winchi na mkonga, ule bomba wa kuvutia hewa juu ya maji, na kila asubuhi yanapeleka watoto shule kwenye lami. Gari la mtu anayekwenda Mpanda masika limefungwa shokapu iliyokufa. Hilo linaniudhi kuliko mnavyodhani.

"Hela hatuna." Nimelisikia hili kwa kaka zangu, kwa rafiki zangu, kwangu mwenyewe. Lakini kijana yule hakuniuzia cha ghali. Aliniuzia cha bei ndogo kilichoandikwa kinabeba nini. Kuuliza kilo hakulipiwi. Kuangalia ngao imeshika wapi unahitaji tochi na kuinama. Na kama huna hela ya ngao inayofungwa kwenye chesi, kaa na bampa la kiwandani uendeshe polepole usiku, maana kilo 60 za bomba juu ya springi zilizochoka zinakuongezea umbali wa kusimama na kukulaza pua kila unapokanyaga breki.

Mdogo wangu ana Hilux na alikuwa ameshalipa kianzio cha ngao. Tuligombana kwenye simu, akanikatia. Siku tatu kimya. Juzi usiku akanitumia picha bila neno lolote: karatasi ndogo kutoka mizani ya ghala la mahindi. Alikuwa amepanda kwanza na magurudumu ya mbele peke yake, kisha gari zima, kama nilivyomwelekeza kabla hajakata simu. Mbele 1,160, nyuma 1,340. Chini yake akaandika, "Haya, springi gani?"